Huyu dada wa kwenye TV ya saluni ni nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Tracee Ellis Ross

Saluni yangu iko Kirumba, hapa Mwanza, kwenye njia ya kushukia soko la dagaa la Mwaloni, na TV nimeifunga juu ya kioo cha katikati. Mteja anayesukwa saa tano au sita lazima macho yake yapate pa kwenda, na tamthilia za kuliza siziweki: mtu akilia anatikisa kichwa, mistari inapinda. Kwa hiyo tunaangalia Girlfriends, ikiisha tunaangalia black-ish, zikiisha zote mbili tunaanza upya. Ndiyo maana kila siku ya Mungu naulizwa maswali yaleyale kuhusu mwanamke mmoja, nami nayajibu kitana kikiwa mdomoni. Sasa nimeyaandika. Mlionikatiza nikiwa nagawa mistari, someni hapa.

Kwa kifupi, ni nani?

Ni mwigizaji wa komedi wa Marekani, mzaliwa wa Los Angeles, tarehe 29 Oktoba 1972. Wengi wanamjua kwa majina mawili ya kwenye skrini: Joan Clayton, mwanasheria wa Girlfriends (2000 hadi 2008), na Rainbow Johnson, daktari mwenye nyumba iliyojaa watoto katika black-ish (2014 hadi 2022). Kila kimoja kilikwenda misimu minane. Kwa mwigizaji, kipindi kimoja cha miaka minane ni bahati ya mtende. Yeye kapata viwili, na hapo katikati ukapita ukame ambao nitaueleza.

Ni kweli ni mtoto wa Diana Ross? Na hilo Ellis limetoka wapi?

Ni kweli. Kwa Diana Ross ni mtoto wa pili kati ya watano: Rhonda, Tracee, Chudney, Ross na Evan. Alizaliwa akiitwa Tracee Joy Silberstein. Baba yake, Robert Ellis Silberstein, ni Myahudi wa Kimarekani aliyekuwa meneja wa wanamuziki, na Ellis ni jina la kati la huyo baba. Kwa hiyo jina analotumia limebeba pande zote mbili. Ndiyo, ni chotara, na Rainbow wa black-ish pia ni chotara. Kituo cha ABC kilikuja kutengeneza kipindi kingine, mixed-ish (2019 hadi 2021), kuhusu utoto wa Rainbow, na sauti inayosimulia ni ya Tracee.

Sisi wa juzi hatumjui huyo Diana Ross. Alikuwa nani hasa?

Kuna mama mmoja wa dagaa, mteja wangu wa kila baada ya wiki mbili. Anasukwa twende kilioni tu, hataki mapambo, na akiingia wote tunajua katoka Mwaloni kabla hatujamwona. Siku moja alikaa, akanyanyua macho kwenye TV, akamwona Joan katoa macho na kuachama mdomo kwa mshangao. Akasema, "Mwanangu, huyo mbona ana sura ya yule wa kwenye santuri za marehemu mzee wangu?" Nilimwambia, "Mayu, huyo ni binti yake." Alicheka mpaka nikaachia msuko. Hakuna aliyemdokeza chochote. Macho tu yalimwambia.

Diana Ross alizaliwa Detroit mwaka 1944. Akiwa na Mary Wilson na Florence Ballard walivuma kwa jina la The Supremes, kundi la wasichana lililotoa nyimbo 12 zilizoshika namba moja Marekani katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 alianza kuimba peke yake. Oktoba 1972, mwezi uleule aliojifungua Tracee, ilitoka sinema ya Lady Sings the Blues aliyoigiza kama mwimbaji Billie Holiday, akapendekezwa kuwania Oscar. Na Julai 1983 aliimba mbele ya umati mkubwa Central Park, New York, ikashuka mvua ya upepo kama hizi zetu zinazotokea ziwani bila hodi. Aliendelea kuimba amelowa chapachapa mpaka onyesho likavunjwa, kesho yake akarudi kulimalizia. Tracee alikuwa na miaka 10. Mama yako akiwa mtu wa namna hiyo, utachagua kazi gani?

Kwa hiyo alibebwa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya mwendesha mashtaka, na anayeliuliza huwa ana jibu lake tayari. Langu ni refu kidogo.

Alianzia mbele, hilo halina ubishi. Alisoma Dalton, shule ya wenye nazo ya New York, akasoma Le Rosey kule Uswisi, shule wanakopelekwa watoto wa wafalme, akamalizia chuo kikuu cha Brown alikopata shahada ya sanaa za maonyesho mwaka 1994. Mwaka 1991 alipita jukwaani kwenye onyesho la mavazi la mbunifu Thierry Mugler. Baadaye akafanya kazi kwenye majarida, upande wa mitindo. Hakuna binti wa Mabatini anayekatiza njia hiyo kwa juhudi peke yake, na atakayewaambia vingine anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Ila angalia alianza na nini kwenye kuigiza. Mwaka 1996 sinema ndogo iitwayo Far Harbor. Mwaka 1997 utangazaji wa kipindi cha The Dish kwenye kituo cha Lifetime. Halafu michezo mifupi ya kuchekesha ya The Lyricist Lounge Show kule MTV. Girlfriends ilipoanza alikuwa anakaribia kutimiza miaka 28. Kwa mtoto wa Diana Ross, huko ni kuchelewa. Mama alikuwa na nguvu kwenye muziki, na muziki ndio mlango ambao Tracee hakuugusa kwa miaka mingi.

Nionavyo mimi, jina la mama lilimpa muda. Aliweza kusubiri, kujaribu hiki na kile, bila mwenye nyumba kugonga mlango tarehe moja. Huo ni utajiri mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Jina lisichoweza kufanya ni kumlazimisha mtu aliyekaa nyumbani kwake acheke. Mtazamaji ana rimoti, ukimboa anahama, hajali mama yako ni nani.

Nasema hivi kwa sababu na mimi nimerithi. Kiti cha kwanza cha saluni hii ni cha shangazi yangu, pamoja na kioo na wateja wake sita. Wiki ya pili nilimuunguza mmoja wao kwa dawa ya nywele: nilipitiwa na dakika nikibishana na muuza vocha, kichwa kikatoka malengelenge nyuma ya sikio. Wateja watano waliobaki walihamia mtaa wa pili. Kiti nilikuwa nimerithi, mkono bado.

Kitu kingine anachokisimulia sana kwenye mahojiano ni kwamba mama yake alikuwa akirekodi nyimbo usiku, watoto wakishalala, ili asubuhi awapeleke shule. Ukitaka kujua alichorithi hasa, mimi ningeanzia hapo kabla ya kufika kwenye macho.

Girlfriends inahusu nini?

Iliandikwa na Mara Brock Akil, ikaanza kuonyeshwa tarehe 11 Septemba 2000 kwenye kituo cha UPN. Ni marafiki wanne wa Los Angeles. Joan ni mwanasheria. Maya ni katibu muhtasi wake, mwenye mume, mtoto na mdomo. Lynn ana shahada kibao na hana kazi. Toni anauza nyumba na anajipenda. Yupo na William, mwanasheria mwenzake Joan, mwanamume pekee anayevumilika.

Joan ni yule dada wa kwenye kikundi ambaye nyumbani kwake ndipo mnapokutania, yeye ndiye anayepika, anayekumbuka siku za kuzaliwa za watu, anayeshika daftari la vikoba, halafu usiku analala peke yake akijiuliza kosa liko wapi. Kila kikundi cha wanawake hapa mjini kina Joan wake. Ukiwa hujamwona, huenda ni wewe.

Sehemu ya kwanza kabisa inaanzia kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Joan, na Toni anatokea na mwanamume aliyewahi kuwa wa Joan. Mara ya kwanza kuiweka hapa saluni, mteja mmoja alisimama kichwa nusu kimesukwa nusu afro, akaielekezea TV kidole: "Hapana! Rafiki wa hivyo hapana!" Mwenzake aliyekuwa kwenye draya akajibu kwamba kama mliachana, mliachana. Wale wawili walikuwa hawajuani. Walibishana mpaka jioni, wakapeana namba za simu, na mwaka uliofuata mmoja alikuwa kwenye kamati ya harusi ya mwingine.

Zamani kidogo, msimu wa kwanza, Joan alikuwa akiigeukia kamera na kukusemesha wewe mtazamaji, kama mtu anayekunong'oneza umbea huku mwenye umbea kakaa palepale. Baadaye wakaliacha. Mimi nililipenda.

Mbona inaishia hewani?

Kwa sababu ilikatwa. Mwaka 2006 kipindi kilihamia kituo cha CW. Novemba 2007 waandishi wa Hollywood waligoma mpaka Februari 2008, na kituo hakikutoa nafasi ya kufunga hadithi. Zikabaki sehemu 172, Joan akiwa na mchumba aliyepelekwa vitani Iraki, basi. Toni alikuwa ameshaondoka baada ya msimu wa sita. Wateja wanaofika mwisho kwa mara ya kwanza hudhani flashi yangu imeharibika. Wanawake wale wanne walikutana tena kwenye skrini Oktoba 2019, kwenye sehemu moja ya black-ish, na siku tulipoiangalia hapa ilibidi niongeze sauti maana kelele zilizidi.

Kati ya 2008 na 2014 alikuwa wapi?

Alikuwepo, ila hakuvuma. Mwaka 2011 alicheza Reed Between the Lines ya kituo cha BET, akiwa mke na mtaalamu wa saikolojia. Mume wake humo alikuwa Malcolm-Jamal Warner, yule kijana wa The Cosby Show, aliyefariki kwa kuzama baharini Costa Rica Julai 2025. Kipindi hakikufika mbali kwake, msimu mmoja akatoka, ingawa kilimpa tuzo ya NAACP, chama cha kutetea haki za weusi wa Marekani.

Mwaka huohuo alipita kwenye CSI akiwa mtalaka wa mhusika wa Laurence Fishburne. Kumbukeni hilo jina, kwa sababu kwenye black-ish Fishburne ni baba mkwe wake. Mume wa zamani kageuka mkwe! Hili nikilisema saluni huwa linachukua nusu saa.

Na black-ish? Yeye ni daktari kweli?

Si daktari, na msimletee vipimo. Rainbow, au Bow kwa kifupi, ni daktari wa usingizi, wale wanaokulaza kabla ya upasuaji. Kenya Barris, aliyekitunga kipindi, alimchota mhusika huyo kutoka kwa mke wake wa wakati ule, ambaye jina lake la utani ni hilohilo Rainbow na kazi yake ni hiyohiyo. Kilianza tarehe 24 Septemba 2014. Mume, Dre, anachezwa na Anthony Anderson: mtu wa matangazo ya biashara aliyekulia mtaa wa shida, sasa ana nyumba kubwa na anaogopa watoto wake wamesahau wao ni nani. Hofu hiyo hata huku ipo. Mzee katoka Magu au Sengerema na sanduku la bati, leo anakaa Capri Point, wajukuu hawajui kujibu "mwangaluka", salamu ya Kisukuma.

Sehemu ninayoiweka kwa kuchagua wateja ni ya Oktoba 2017, mwanzoni mwa msimu wa nne. Bow amejifungua mtoto wa tano na hawezi kuacha kulia. Mama mkwe, Ruby, anayechezwa na Jenifer Lewis, anampa mtoto maziwa ya kopo bila kuuliza. Inakuja kujulikana kuwa Bow ana sonona ya baada ya kujifungua. Ni komedi ya nusu saa, na kuna mahali Tracee hafanyi chochote, amekaa tu, uso umefungwa kama duka la Jumapili. Tuliiangalia siku moja na binti aliyekuwa na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Hakusema neno. Alipomaliza kusukwa alinilipa, akafika mlangoni, akarudi, akaniuliza kama nina namba ya yule nesi anayekujaga Alhamisi. Nilimpa.

Anachekeshaje, mbona hasemi vichekesho?

Sisi tumezoea mchekeshaji anayejitambulisha kuwa ni mchekeshaji. Tulilelewa na Futuhi ya Star TV, kipindi cha hapahapa Mwanza, na marehemu King Majuto alikuwa akiingia tu kwenye skrini mnacheka kabla hajafungua mdomo. Tracee ni tofauti kwa nje na ni yuleyule kwa ndani. Kwa nje anacheza mwanamke wa heshima, msomi, aliyevaa vizuri. Kwa ndani mwili wote ni wa kuchekesha.

Mwangalieni miguu. Ni mrefu, na urefu huo anautumia kama mtu aliyeazimwa mwili na hajauzoea. Akiwa na uhakika anatembea kama yuko kwenye onyesho la mavazi, akishikwa uongo magoti yanatangulia. Mwangalieni anavyosikiliza: mwenzake anaongea, yeye kimya, na uso unapita hatua nne kabla hajajibu, kukubali, kushtuka, kukasirika, kujifanya hajakasirika. Zimisheni sauti mjaribu. Umeme wetu ukiwa mdogo spika huwa inakata na picha inabaki, na nimeshuhudia wateja wakiendelea kucheka. Majuto angemwelewa.

Kwenye intaneti aliwahi pia kujitengenezea video za kujifanya rapa kwa jina T-Murda. Amevaa vibaya makusudi, anajitukuza makusudi. Hiyo ni burudani yake tu, nani angemlipa?

Amepata tuzo gani?

Kubwa kuliko zote ni Golden Globe ya Januari 2017, mwigizaji bora wa kike wa komedi ya televisheni, kwa black-ish. Mwanamke mweusi aliyemtangulia kwenye nafasi hiyo ni Debbie Allen wa Fame, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hesabuni wenyewe. Tracee alikuwa na miaka 44, na aliitoa tuzo ile kwa wanawake ambao hadithi zao huonekana hazistahili kusimuliwa. Tuzo za NAACP anazo nyingi.

Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, hajapata. Kwa black-ish alipendekezwa mara tano kama mwigizaji mkuu wa komedi, kuanzia 2016, na mara ile ya kwanza ilikuwa imepita miaka 30 bila mwanamke mweusi kupendekezwa hapo, tangu Phylicia Rashad. Mwaka 2016 na 2017 aliyemshinda ni Julia Louis-Dreyfus wa Veep. Huyo naye ni wa ukoo wenye jina, ila wao ni wafanyabiashara: kampuni ya Louis Dreyfus inanunua na kuuza nafaka na pamba dunia nzima. Nilipowaambia hivyo wateja, mzee aliyekuja kumsubiri mkewe, mkulima wa pamba wa Kwimba, aliinua kichwa kwenye gazeti akasema, "Kumbe tumechangia." Tuzo hiyo ilifika kwa mwanamke mweusi Januari 2024, Quinta Brunson, zaidi ya miaka 40 tangu Isabel Sanford aipate mwaka 1981.

Nimesikia alilipwa kidogo kuliko mume wake wa kwenye kipindi.

Habari hizo zilitoka Januari 2018, kwamba analipwa chini sana ya Anthony Anderson. Yeye mwenyewe aliandika hadharani kwamba alitaka malipo yanayolingana na mchango wake kwenye kipindi anachokipenda. Hakumsema mtu vibaya. Baadaye ikaripotiwa kuwa ameongezwa.

Nywele ni zake au wigi?

Hili naulizwa mara kumi kuliko mengine yote, na hapa ni fani yangu, mtaniwia radhi nikirefusha.

Ni zake. Kwenye vipindi vyote viwili utamwona na mitindo mingi, mingine ya kuongezea, ila zile zilizojikunja na kutuna ni za kichwani mwake. Mwaka 2000 mwigizaji mkuu wa televisheni ya Marekani kuonekana na nywele za asili kila wiki halikuwa jambo la kawaida. Amesimulia alivyohangaika kuzinyoosha alipokuwa msichana. Girlfriends ilipokwisha akawa na wazo la kutengeneza bidhaa za nywele za namna hiyo, akakataliwa na kusubirishwa kwa takriban miaka kumi, mpaka Septemba 2019 alipoanzisha Pattern. Mwaka 2022 akashirikiana na Oprah Winfrey kwenye The Hair Tales, kipindi cha wanawake weusi kusimulia maisha yao kupitia nywele.

Sasa tuongee ukweli. Mnakuja na picha ya Joan kwenye simu mkisema, "Dada, nifanye hivi." Siwezi. Mkunjo ule ni wa kuzaliwa nao, na nywele za kipilipili zina mkunjo wake, mdogo na mkavu zaidi. Ninachoweza ni kuziloweka, kupaka kondishena ya kutosha mpaka kitana kipite bila kelele, kugawa kichwa mafungu manne, kusokota misokoto midogo, ukalale nayo na kitambaa laini, kesho uje tufumue kwa mikono yenye mafuta. Zitatuna vizuri. Zitakuwa zako, si za Tracee.

Wengi wetu tuliosoma shule za serikali tulinyolewa mpaka tumemaliza kidato cha nne. Nywele zetu tulikutana nazo kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima, na wiki hiyohiyo tukazimwagia dawa. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka 31 nilipojua zangu zina rangi ya kahawia kwenye mizizi.

Anaimba kama mama yake?

Alikwepa kuimba hadharani kwa miaka mingi, na sababu haihitaji mganga. Kisha mwaka 2020 akacheza The High Note, akiwa mwimbaji nyota wa umri wa makamo anayeogopa kutoa albamu mpya, na humo akaimba mwenyewe. Ilikuwa itoke majumba ya sinema, korona ikaingia, ikatokea mitandaoni Mei mwaka huo. Sauti ni nzuri, nyepesi, haitafuti ugomvi na ya mama.

Ameolewa? Ana watoto?

Hapana, na hapana, na anaongea hilo waziwazi bila kuomba msamaha. Mwaka 2025 alitoa kipindi kizima cha yeye kusafiri peke yake: Moroko, Meksiko, Hispania. Mama zangu wa Mwaloni wanamsikitikia. Mabinti wa chuo kule Nyegezi wanamwonea wivu. Mimi nasuka tu.

Wapo wengine wa namna yake, watoto wa wakubwa kwenye komedi?

Wapo wengi, nitamtaja mmoja kwa sababu wamekutana. Rashida Jones, wa Parks and Recreation, ni binti wa mtayarishaji wa muziki Quincy Jones, aliyefariki Novemba 2024. Mwaka 1978 Quincy na Diana Ross walifanya kazi pamoja kwenye sinema ya The Wiz. Mwaka 2025 mabinti zao wakacheza pamoja sehemu moja ya Black Mirror, Rashida akiwa mgonjwa na Tracee akiwa muuzaji mwenye tabasamu wa kampuni inayomtoza pesa kila mwezi ili aendelee kuishi. Hiyo siiweki saluni. Ilinikosesha usingizi.

Upande wa sinema, mtafuteni pia kwenye American Fiction ya 2023, anakocheza dada wa mhusika mkuu. Anaonekana kidogo, ila utamkumbuka mpaka mwisho.

Binti yangu anataka kuwa mchekeshaji kama huyo. Nimpeleke wapi?

Mama, kwanza usimpige. Tracee alisomea, na hapa nchini pia inasomewa: kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa za maonyesho. Wakati anasubiri, mwache aigize walimu wake mezani wakati wa chakula. Akiwachekesha wadogo zake ni kawaida. Akimchekesha baba yake aliyetoka kazini, mpigieni hesabu ya nauli.

Nianzie kuangalia wapi?

Kama una jioni moja tu, chukua ile sehemu ya kwanza ya Girlfriends, ya sherehe ya kuzaliwa. Kama wewe ni mzazi, anza na black-ish msimu wa kwanza, na watoto wakubwa wakae. Za DJ wa kutafsiri sijaziona. Wao wanapenda za ngumi, na komedi ya maneno ni ngumu kuisemea juu, kwa hiyo jiandae na Kiingereza au uje hapa nikutafsirie mimi, tafsiri yangu ina chumvi. Naweka kwenye flashi bure kwa mteja anayesuka kichwa kizima. Flashi iwe tupu, isiwe na virusi, na usije nayo Jumamosi.